Milango inayofunguka kwenye modeli ya 1/24: pini ya bawaba ikae wapi, na kwa nini mlango unakwama kwenye fenda

#1 Bodi_Nyegezi

Wakuu, habari za huko mliko. Uzi huu ni wa jambo moja: mlango wa gari la modeli unaofunguka na kufunga bila kukwaruza fenda. Gari linaweza kuwa safi, rangi imelala vizuri, lakini mlango ukifunguliwa unafika nyuzi 20 na kugoma. Watu hulaumu gundi, hulaumu waya. Mara nyingi kosa ni mahali pini ilipowekwa, na hilo linaamuliwa kabla kisu hakijagusa bodi.

Nitatumia skeli ya 1/24. Hiace ya kawaida ya muundo ulioanza 2004 ina urefu wa mm 4,695 na upana wa mm 1,695, kwa hiyo mezani inakuwa mm 195.6 kwa 70.6. Nusu milimita mezani ni mm 12 barabarani. Fundi yeyote wa bodi anajua mlango ulioachia mm 12 ukoje.

Litazame gari kutoka juu. Vipimo ni vitatu tu. Mwanya kati ya fenda na mlango: upe mm 0.4 kabla ya rangi. Umbali wa pini mbele ya ukingo wa mlango, yaani pini imejificha kiasi gani nyuma ya fenda. Na kina, yaani pini imezama kiasi gani kutoka uso wa nje wa bodi.

Pini ikikaa usawa wa mwanya huku imezama ndani, ukingo wa mbele wa mlango hauendi nje unapofungua. Unasukumwa mbele moja kwa moja, unaigonga fenda. Hilo ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, kwa sababu kwa macho pale panaonekana ndipo bawaba inapostahili kukaa.

Kipimo changu ni bikari. Chora kwenye manila mchoro wa kutoka juu, mara kumi ya modeli, mm 1 iwe sm 1. Chomeka bikari kwenye pini, ifungue hadi kona ya nje ya fenda, zungusha duara. Duara likivuka mstari wa ukingo wa mbele wa mlango, mlango utakwama. Lisipovuka, utapita.

Mfano: mwanya 0.4, pini mm 3.5 mbele ya ukingo wa mlango, kina 1.5. Kutoka pini hadi kona ya fenda ni mm 3.44. Ni chini ya 3.5, kwa hiyo unapita. Sasa zamisha pini hiyo hiyo hadi kina cha 2 bila kubadili kingine: umbali unakuwa 3.69. Umekwama, kwa nusu milimita tu.

Anayetaka kuona kwa macho akate umbo la mlango kwenye manila nyingine, alibane kwa pushpini mahali pa pini, alizungushe. Karatasi haidanganyi, na ni rahisi kuliko bodi.

#2 Buzuruga24

Shikamoo fundi. Hesabu nimeifuata. Ninachokwama: pini iko nyuma ya fenda, mlango uko upande wa pili wa mwanya. Mkono wa bawaba unapitaje? Si utagonga ukingo wa fenda mlango ukianza kuzunguka?

#3 Bodi_Nyegezi

Marahaba. Mkono ulionyooka utagonga, ndiyo maana unakunjwa umbo la U. Kutoka kwenye pini unaingia kwanza kuelekea ndani ya kabini, unakwenda nyuma kupita usawa wa mwanya, halafu unarudi nje na kushikwa kwenye uso wa ndani wa mlango. Mlango ukifunguka, ukingo wa fenda unaingia katikati ya ile U.

Kwa vipimo vya juu na fenda yenye unene wa mm 1.2, ukifungua nyuzi 65, kona ya ndani ya fenda inaingia ndani ya U hadi karibu mm 2.7 kupita usawa wa pini. Ongeza nusu ya unene wa waya na nafasi ya rangi. Mimi huweka mgongo wa U mm 4 kutoka kwenye pini. Ukiweka 3 mlango utaishia kabla ya kufika nyuzi 65 na mkono utaanza kubinya fenda, halafu siku moja gundi inaachia.

Usifungue zaidi ya nyuzi 65 au 70. Magari ya kweli yenyewe huishia karibu hapo, na kila nyuzi unayoongeza inadai U yenye kina zaidi, na U ndiyo inayogombea nafasi na dashibodi. Kabla ya kukunja, pima upande wa ndani: kama beseni la viti (kile kipande cha ndani chenye sakafu na viti) linagusa ubavu wa bodi, litobolewe tundu la mm 6 kwa 3 kwa kila mkono, kwenye ukuta wa pembeni mwa miguu ya abiria. Tundu hilo halionekani mlango ukifungwa.

Mikono miwili kwa mlango mmoja. Mmoja karibu na kizingiti, mwingine chini kidogo ya mstari wa dirisha. Ikae mbali kadiri inavyowezekana: ikiwa mm 12 mlango utatikisika, ikiwa mm 20 utatulia.

#4 Sindano18

Nichangie upande wa vifaa, maana mirija midogo ya shaba ya wanamodeli haipatikani hapa Mwanza kirahisi.

Sindano za duka la dawa ni mirija tayari, na vipimo vyake vya kawaida vinajulikana. Rangi ya kichwa inakwambia geji, yaani namba ya unene. Waridi ni geji 18: nje mm 1.27, tundu mm 0.84. Kijani ni geji 21: nje 0.82, tundu 0.51. Bluu ni geji 23: nje 0.64. Chungwa ni geji 25: nje 0.51. Kwa hiyo ya kijani inaingia ndani ya ya waridi kwa kubana vizuri, bila kucheza. Huo ndio mrija na pini yako, vyote kwa bei ya dawa ya kichwa. Anayefanya 1/43 achukue ya kijani kuwa mrija na waya wa gitaa wa mm 0.41 kuwa pini.

Nunua mpya zilizofungwa, usiokote. Ncha kali ikatwe kwanza na iingie kwenye chupa yenye kifuniko.

Kukata: usibane kwa koleo, tundu litafungika. Zungusha sindano chini ya ukingo wa tupa ya pembe tatu hadi upate mfereji pande zote, kisha ivunje kwa vidole ukiwa umeshika kwa kitambaa. Safisha mdomo kwa ncha ya pini ya nguo.

Kwa mkono wa U, waya wa mm 0.8 unatosha kuwa mkono na pini kwa pamoja: ncha moja inakunjwa nyuzi 90 kuelekea chini na kuingia kwenye mrija wa geji 18. Vibanio vya karatasi vipo vya unene tofauti, pima kwa kalipa kabla ya kukata. Shaba ya waya wa umeme wa 1.5 ina kipenyo cha mm 1.38 na ni laini. Itakunjika kwa uzito wa mlango na kidole. Spoku ya baiskeli ni mm 2, hiyo ni ya skeli ya 1/10.

Sindano ni chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo risasi ya mafundi simu haishiki bila asidi. Usihangaike. Ikwaruze kwa msasa wa 240 na uigandishe kwa epoksi ya dakika tano.

#5 Bodi_Nyegezi

Naongeza hapo kwa Sindano18. Pini zote mbili zielekezwe chini, zisitazamane. Zikielekea chini zote, mlango ukifunguliwa unanyanyuka na kutoka wote, unaupaka rangi peke yake, unaurudisha. Zikitazamana, mlango umefungwa maisha.

Na mirija miwili lazima iwe kwenye mstari mmoja. Usigandishe mmoja leo na mwingine kesho kwa kukadiria. Pitisha waya mmoja mrefu ulionyooka kwenye mirija yote, upake vaselini kidogo, gandisha mirija yote ukiwa ndani, uache ukauke, kisha uuchomoe. Mirija ikipishana hata robo milimita, mlango utafunguka mwanzo, utakuwa mgumu katikati, na utachomoa mrija mmoja.

#6 DadaIlemela

Fundi, kipimo chako cha bikari ni sahihi kwa gari lenye ubavu ulionyooka kama Land Rover ya zamani. Magari mengi ubavu wake una tumbo. Ukipima kina kwenye usawa wa bawaba ya chini, unapata 1.5, panda mm 8 juu kwenye tumbo lenyewe, uso umetoka nje na kina kimekuwa 2. Mlango unakwama kwenye tumbo wakati bawaba zote mbili ziko sawa, na mtu anabaki kuchonga mahali ambapo hapana kosa.

Kwa hiyo kina kipimwe mahali ubavu ulipotokeza zaidi. Weka rula wima ubavuni, pima kutoka hapo.

Jambo la pili ni mlalo wa pini ukiitazama gari kutoka mbele. Pini ikisimama wima kabisa, mlango unazunguka kwa usawa. Ikiegemea ndani kwa juu, mlango unapanda unapofunguka: kwa nyuzi 3 na mlango wa mm 42, ncha ya nyuma inapanda karibu mm 2 na mlango unajirudisha wenyewe. Wengine wanaipenda hiyo. Ikiegemea nje kwa juu, mlango unashuka, unakwaruza kizingiti na unajifungua gari likiinamishwa. Hiyo haifai kamwe. Watu huangukia hapo bila kujua kwa sababu huifuata fenda, na fenda imelala.

#7 Bodi_Nyegezi

Umenisahihisha kwa haki, dada. Kina ni cha kwenye tumbo. Anayesoma #1 asome na #6 pamoja.

#8 Makoroboi_Bati

Wadau, msiwasahau wanaojenga kwa bati. Mji huu una eneo zima lililobeba jina la koroboi, na mkunjo wa bati unaoshika utambi ni ndugu wa bawaba ninayoieleza.

Kopo la maziwa ya unga au la nyanya, bati lake ni kama mm 0.2. Kwanza jaribu kwa sumaku: ikinata ni chuma, inashika risasi. Kopo la soda ni alumini, sumaku hainati, na risasi itatiririka tu kama maji juu ya jani la mgomba.

Kwenye ukingo wa mbele wa mlango acha ulimi mmoja wa mm 4 katikati. Kwenye bodi acha ndimi mbili za mm 4, juu na chini ya huo. Urefu wa kila ulimi uwe mm 5. Zungushia kila ulimi kwenye waya wa mm 0.8 kwa koleo la mdomo mwembamba, kaza hadi uguse bati tena, chomoa waya, panga ndimi tatu, rudisha waya. Kunja ncha za waya nyuzi 90. Ulimi ukatwe mwembamba kwa mm 0.2 kuliko nafasi yake, la sivyo unasaga.

Mkunjo huu unakaa nje ya bodi. Kwa kipimo cha fundi hapo juu, kina ni sifuri, mlango hauwezi kukwama kwenye fenda. Na haionekani vibaya, kwa sababu Land Rover za zamani na Land Cruiser za mfululizo wa 40 bawaba zake ziko nje hivyo hivyo. Kwa anayeanza, hilo ndilo gari la kuanzia.

Tahadhari: bati likikatwa mkasi linajikunja ukingoni. Ligonge juu ya chuma bapa kabla ya kupima mwanya, na ukingo wote wa mlango ukunjwe ndani mm 1 ili usikate vidole na usiyumbe.

#9 KirumbaMwaloni

Mimi nina kifurushi cha plastiki cha kuunganisha, cha kampuni ya Aoshima, 1/24, Hiace Super GL. Nataka kukata milango ya mbele. Mstari wa mlango upo kwenye bodi, ila plastiki ni nene. Naanzia wapi nisiiharibu?

#10 DadaIlemela

Anza kwa kuifunga bodi. Ukitoa milango miwili, ubavu unabaki umeshikwa na kizingiti chembamba, na bodi inapinda kwa kuishika tu. Chukua vile vijiti vya plastiki vilivyoshikilia vipande vya kifurushi, gandisha viwili kutoka ubavu hadi ubavu kwa ndani: kimoja mbele ya mlango, kimoja nyuma. Vikae hadi mwisho wa kazi ya bawaba.

Kukata, geuza kisu. Tumia mgongo wa ncha, si makali. Makali yanasukuma plastiki pembeni na kuinua tuta pande zote mbili. Mgongo unachimba na kutoa uzi wa plastiki, mstari unabaki safi. Bonyeza kidogo, pita mara nyingi. Plastiki ya mm 1 hadi 1.5 itachukua mipito 30 au zaidi kwa kila upande, na ukiharakisha kisu kitaruka nje ya mstari na kuchana fenda.

Kwenye kona toboa kwanza kwa biti ya mm 0.5, ili ufa usiendelee kupita kona. Nguzo nyembamba za dirisha ziwe za mwisho. Mwanga ukionekana kupitia mstari, acha kubonyeza kabisa. Maliza kwa kuvuta uzi mwembamba wa nailoni huku na huku kama msumeno.

Utapoteza plastiki kidogo. Mwanya ukizidi 0.4, gandisha ukanda mwembamba kwenye ukingo wa mlango, si wa fenda, kisha uchonge kwa msasa wa 400. Ukanda unapatikana kwenye vikombe vya mtindi vyenye alama ya pembe tatu na namba 6: ni polistairini kama ya kifurushi, kwa hiyo gundi ya plastiki inaviunganisha vizuri. Namba 1, 2 na 5 ziache, hazishiki gundi hiyo.

Kumbuka pia paneli ya ndani ya mlango kwenye vifurushi vingi imeumbwa pamoja na beseni la viti. Ikate kutoka kwenye beseni na uigandishe kwenye mlango, ukiacha mm 1 ya nafasi pande zote. Unene wa mlango utafika mm 3 au zaidi, na hapo ndipo ukingo wa mbele wa ndani unaanza kugonga ingawa ngozi ya nje inapita. Uchonge ulale nyuma kwa upande wa ndani.

#11 Buzuruga24

Je, kitambaa? Nimeona modeli za maboksi zimebandikwa utepe wa kitambaa kwa ndani badala ya bawaba.

#12 Bodi_Nyegezi

Utepe wa ndani unaweka pini usawa wa mwanya na kina sawa na unene wa boksi. Ni lile kosa la #1 kabisa. Kwa boksi la mm 3, ukingo wa nje wa mlango utasukuma fenda mara moja. Una njia mbili: bandika utepe kwa nje na uupake rangi, au chonga kingo zote mbili, ya mlango na ya fenda, kwa mshazari wa nyuzi 45 ili mwanya uwe mpana nje na mwembamba ndani. Gundi ya mbao nyeupe inashika kitambaa cha pamba vizuri kwenye boksi. Supaglu inakifanya kigumu na kinavunjika.

#13 Sindano18

Tukiwa kwenye supaglu: iwe mbali na bawaba. Inatambaa yenyewe kwenye tundu la mm 0.84 na kufunga pini ndani ya sekunde chache. Inaganda kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo msimu wa mvua hapa ziwani inaganda upesi zaidi na inaacha ukungu mweupe kwenye vioo na rangi. Vioo viwe vya mwisho, na vibandikwe kwa gundi nyeupe.

Epoksi ya dakika tano inakupa nafasi ya kusogeza mlango hadi mwanya ulingane pande zote. Bana mlango ukiwa umefungwa kwa vipande vya karatasi ngumu ya mm 0.4 ndani ya mwanya, gandisha mikono kwenye mlango, subiri nusu saa, toa karatasi. Kila pini iwe na tone la vaselini kabla.

#14 KirumbaMwaloni

Wabeja sana dada, nimeelewa. Mlango wangu wa majaribio unafunguka lakini haukai umefungwa, unaning'inia wazi kidogo.

#15 Makoroboi_Bati

Sumaku. Spika za simu na za masikioni zilizokufa zina sumaku ndogo, na wenye meza za kutengeneza simu huwa wanazitupa. Ya mm 3 kwa 1 inatosha. Iweke kwenye nguzo ya nyuma ya mlango, ndani ya plastiki, isitokeze. Upande wa mlango weka kipande cha bati la kopo, si sumaku nyingine: sumaku mbili zinataka nyuso zipatane, na ukikosea mlango unasukumwa nje badala ya kuvutwa.

Ikivuta kupita kiasi, usiisogeze. Weka tabaka la utepe wa selo juu yake, moja baada ya jingine, hadi mlango ufunguke kwa ukucha bila kunyanyua gari zima.

#16 KirumbaMwaloni

Na ule mlango wa konda, wa kuteleza? Nataka daladala kamili.

#17 DadaIlemela

Huo hauna bawaba, una reli. Kwenye gari la kweli ni tatu: ya juu, ya chini kwenye ngazi, na ya kati inayoonekana nje nyuma ya mlango, chini ya kioo. Kwenye 1/24 ya chini na ya kati zinatosha.

Ugumu wote uko kwenye kona ya reli. Mlango ukiwa umefungwa uso wake uko sawa na bodi. Lazima utoke nje kwanza, mm 2.5 hivi, ndipo urudi nyuma sambamba na ubavu. Kwa hiyo mwisho wa mbele wa kila reli unapinda kuelekea ndani kwa mm 2.5 katika urefu wa mm 6. Reli zote mbili zipinde kwa umbo moja. Zikitofautiana, sehemu moja ya mlango inatoka kabla ya nyingine na mlango unabana ukiwa umekaa upande.

Reli ni mfereji wa mm 1 kati ya kanda mbili za plastiki za mm 0.5, pini ni waya wa 0.8 yenye kichwa kilichokunjwa. Pini ya chini iko mbele ya mlango, ya kati iko nyuma, kila moja kwenye mkono mfupi. Chora reli mara moja kwenye karatasi, nakili mara mbili, bandika kanda juu ya mchoro. Usikunje kila reli kwa macho. Mfereji upakwe wax ya mshumaa, si mafuta, maana mafuta yanakusanya vumbi.

Hapa Tanzania mlango huo uko ubavu wa kushoto. Hakikisha kabla ya kukata.

#18 Sindano18

Neno la rangi kabla uzi haujaenda mbali. Praima, rangi na koti ya kung'aa vikijumlishwa, hesabu mm 0.1 kwa kila uso. Mwanya una nyuso mbili, kwa hiyo 0.4 inabaki 0.2, na ukianza na 0.2 mlango utashikana na fenda na kubanduka na rangi yake siku ya kwanza kuufungua. Kingo zipigwe praima nyepesi mara moja tu. Mirija izibwe kwa vijiti vya meno.

Rangi ya metaliki, mlango na bodi vipigwe siku moja, kutoka kopo moja, mlango ukiwa umesimama kama utakavyokaa kwenye gari. Ukiulaza, chembe zinalala tofauti na mlango unaonekana umetoka gari jingine.

Na msipige usiku chini ya taa. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi wanafuata mwanga na wataishia kwenye boneti. Asubuhi jua likishakausha hewa ndio wakati wake. Rangi ikigeuka nyeupe kama maziwa ni unyevu. Subiri ikauke, pitisha ukungu mwembamba wa thina siku kavu.

#19 Buzuruga24

Nimechora. Mwanya 0.4, pini mm 4 mbele ya ukingo, kina 1.6 kwenye bawaba na tumbo linaongeza 0.5. Fenda unene 1.2. Naomba mnikagulie kabla sijakata.

#20 Bodi_Nyegezi

Kina chako ni 2.1. Kutoka pini hadi kona ya fenda ni mm 4.17, na wewe una 4. Umezidi kwa 0.17, unakwama.

Ukisogeza pini mbele, utalazimika kufika mm 6 ndipo upite, na hata hapo inapita kwa unywele, na U itaingia kwenye dashibodi. Ukipunguza kina, mrija wa geji 18 utakula fenda hadi ibaki ganda. Acha pini ilipo. Chonga ukingo wa mbele wa mlango kwa upande wa ndani: acha mdomo wa nje wa mm 0.5 ulionyooka, kutoka hapo uanze kulala nyuma hadi mm 0.4 kwenye ukingo wa ndani kabisa. Mdomo wa nje haugongi, kwa sababu kona ya fenda ikiwa usawa huo bado iko 3.85. Inapovuka 4 imeshafika kwenye mshazari.

Chora mshazari huo kwenye manila, rudia bikari, kisha kata. Anza na mlango wa kushoto.